Mdukuzi wa Sayari ya Mbali na Mtoto wa Kisukuma

Superman, shujaa wa katuni, alitua Marekani mwaka 1938. Leo nilikuwa na mada nyingine, lakini habari za filamu yake inayotarajiwa Julai 2027 zimenikatiza. Adui ni Brainiac, na vijana wa kibanda umiza hapa Bukundi wameniuliza: huyo ni roboti, jini au mdukuzi?

Ni vyote kidogo. Alianza kuonekana Julai 1958, katika toleo la 242 la Action Comics, mwandishi akiwa Otto Binder na mchoraji Al Plastino. Alikuja na ngozi ya kijani, kipara na tumbili wake Koko, akipita angani kuisinyaza miji na kuitia chupani ili akaijaze sayari yake isiyo na watu. Chupa moja ilikuwa na Kandor, mji wa Krypton, sayari alikozaliwa Superman, wakazi wake wakiendelea na shughuli zao ndani ya kioo.

Sasa, utamu wenyewe. Mwaka uleule Edmund Berkeley, Mmarekani, alikuwa akiuza kifurushi cha kujiundia kompyuta ya kuchezea, kikiitwa Brainiac: visahani, nyaya, balbu na betri, basi. Majina yakagongana. Wachapishaji hawakubishana. Mwaka 1964, katika toleo la 167 la Superman, walimpa Berkeley heshima yake na kumgeuza adui wao kuwa kompyuta yenye umbo la mtu. Tangu hapo kazi yake kubwa ni kuiba maarifa, na mtambo wowote kwake ni mlango wazi. Mgongano wa majina ya biashara ndio uliomzaa mdukuzi!

Wazee wa Usukuma hawakuhitaji kompyuta kumjua mwizi wa aina hiyo. Katika hadithi yao, zimwi Shing'weng'we alimeza watu na mifugo yote, akasalia mama mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa, jina lililobeba neno masala, yaani akili. Mtoto aliposikia baba yake yuko tumboni mwa zimwi, alianza kuwinda. Akaleta panzi: "Mama, ndiye huyu?" Siye. Akaleta ndege. Siye. Aliendelea kukosea na kuuliza hadi siku alipolipata lenyewe, akaliua na kulipasua. Watu wakatoka. Kwa bahati mbaya kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja, na bibi huyo, badala ya kushukuru, akamtafutia mkombozi wake uchawi.

Nani amemchora Masala Kulangwa kwa rangi, toleo baada ya toleo? Tuliwahi kuweza. Jarida la Sani, jina lililounganishwa kutoka kwa Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, liliwafanya Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Kipepe wajulikane nchi nzima, tena kwa wino na karatasi duni. Leo mjukuu wangu anaitaja Krypton kama kijiji cha jirani, na Shing'weng'we hamjui. Aibu hiyo ni yetu sisi wazee tuliouachia televisheni usiku wa hadithi.

Nafasi inaniishia na wadukuzi wa kwetu sijawagusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040, bure. Jirani yangu hakuyajua hayo. Aliuza pamba, na jioni ileile simu ikaita kwa ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mwanawe wa Bariadi alikuwa anadai ada, basi akajua ni yeye. Akatuma. Nilipomweleza ametapeliwa, alininunia mimi wiki nzima.

Siku hizi ujumbe ukiingia humwita mjukuu wake amsomee, naye mtoto hupiga kwanza Bariadi: "Baba, ndiye wewe huyu?"