Uvimbe wa maji kwenye ovari

Mara nyingi mama huingia kliniki akilia: ameambiwa ana uvimbe kwenye ovari, naye amekwisha kujihesabia kansa. Tulieni kwanza.

Kila mwezi yai hukomaa ndani ya kifuko kidogo chenye maji. Kifuko kisipopasuka huendelea kujaa, kikawa uvimbe. Ukiwa chini ya sentimeta 5, kwa kawaida hunywea wenyewe baada ya hedhi mbili au tatu. Ndiyo maana daktari husema urudi baadaye kwa ultrasaundi nyingine. Hajakupuuza. Na dawa ya kienyeji ya kuuyeyusha? Fedha bure, ungenywea hata bila hiyo.

Bibi aliyekoma hedhi asikae nao nyumbani. Apimwe, kwani katika umri wake hatari ya kansa ni kubwa zaidi.

Lakini maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, pamoja na kutapika, ni jambo jingine. Huenda ovari imejisokota, au mimba imetunga nje ya kizazi. Msingoje asubuhi, wala baba asiseme nauli itapatikana kesho. Mgonjwa akiwahi, mara nyingi ovari huokolewa. Hata ikiondolewa moja, iliyobaki yaweza kumpa mtoto.