Rangi ya jiwe au rangi ya taa?

Sisi tunaokusanya majina ya rangi mara nyingi tunatumia picha. Tunapiga kitu kwa simu, tunamwonyesha msemaji kwenye skrini, kisha tunaandika neno analolitaja. Katika kurekodi sauti tuna nidhamu: tunazima feni, tunasogeza mikrofoni, tunakataa faili iliyobanwa. Katika picha tunabonyeza tu. Lakini picha nayo ina kelele zake, na kelele hizo zinaweza kuingia katika memwari zikavaa sura ya matokeo.

Chukua jiwe la malakiti, ambalo mtu wa Katanga halihitaji kuelezwa. Mchana ni la kijani kibichi. Usiku, chini ya ampuli ya manjano, picha yake inatoka na rangi ya majani yaliyokauka, na karatasi nyeupe iliyo chini yake inageuka rangi ya chungwa. Mzee akiitazama picha hiyo akasema «manjano», utaandika nini kwenye daftari? Amejibu kwa haki kuhusu alichoonyeshwa. Ila alichoonyeshwa ni jiwe pamoja na ampuli.

Wapiga picha wanaozungumza Kifaransa huita hali hii «dominante». Kiswahili hakijakubaliana juu ya jina lake. Mimi naiita rangi vamizi, kwa sababu haikai kwenye kitu kimoja bali huvamia picha nzima, vivuli na weupe kwa pamoja. Mwenye neno bora alilete.

Chanzo chake ni taa. Mwanga wa jua la mchana hukadiriwa kuwa na joto la rangi la kelvini 5500 hivi. Ampuli ya kizamani yenye uzi iko karibu na 2700. Kivulini, chini ya anga safi, hupita 7000. Namba ikiwa ndogo, mwanga ni mwekundu zaidi na una bluu kidogo. Jicho letu husamehe tofauti hizo: baada ya muda mfupi karatasi huonekana nyeupe tena, iwe chini ya ampuli au nje. Kamera hairekodi msamaha huo. Na tukitazama picha kwenye skrini, jicho linazoea mwanga wa chumba tulimo, si wa chumba cha picha. Mwaka 2015 dunia nzima ilibishana juu ya picha moja ya gauni: wengine waliliona jeupe lenye dhahabu, wengine la bluu lenye nyeusi. Gauni lenyewe lilikuwa la bluu na nyeusi. Kila mtazamaji alikuwa amekisia taa yake bila kujua.

Kwa nini jambo hili litugusa sisi kuliko wanafunzi wa uandishi wa habari? Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua upatanisho wa ngeli moja kwa moja: -eupe, -eusi, -ekundu. Tunasema kitambaa cheupe, lakini kitambaa cha kijani, cha manjano, cha kijivu, maneno yaliyotoka kwenye jani, bizari na jivu. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha 1969, walikiweka Kiswahili miongoni mwa lugha 20 walizozipima kwa vipande 329 vya rangi sanifu. Mjadala walioufungua unahusu hasa mahali ambapo kijani, manjano, bluu na nyeusi hupakana. Sasa angalia kile ampuli inachofanya: inapunguza bluu. Bluu ikipungua, kijani kinasogea kwenye manjano, na bluu nzito inasogea kwenye nyeusi. Yaani taa inaharibu data kwenye mpaka uleule tunaouchunguza, tena kwa mwelekeo unaofanana na matokeo tunayoyatarajia. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba lugha fulani haitenganishi bluu na nyeusi, kumbe ni sebule yake isiyotenganisha.

Simu hujaribu kusaidia kwa kile kinachoitwa mizani ya weupe. Njia mojawapo ya zamani ya hesabu hiyo inachukulia kwamba rangi zote za picha zikichanganywa zitatoa kijivu. Wastani ukielemea upande mmoja, kamera inavuta upande wa pili. Simu za sasa zina mbinu nyingi zaidi, lakini udhaifu bado upo, hasa kwetu. Piga picha kikapu kilichowekwa juu ya udongo wetu mwekundu, udongo ukijaza fremu: kamera inaweza kudhani wekundu huo ni wa taa, ikaupunguza, na kikapu kikatoka na ubaridi wa bluu. Mbele ya ukuta wa majani itavuta kuelekea urujuani.

Dawa yenyewe haina ugumu. Weka ndani ya picha kitu unachojua ni cha kijivu kisicho na rangi, yaani kadi ya kijivu ya wapiga picha. Karatasi nyeupe ya ofisi si mbadala mzuri sana, maana nyingi hutiwa kemikali za kuongeza mng’ao zinazoipa ubluu, na zaidi ya hapo weupe huungua haraka. Kadi ipokee mwanga uleule unaokipiga kitu, isiwe kivulini wakati kitu kiko juani.

Kisha fungua picha katika GIMP, ambayo ni ya bure. Kwenye menyu ya Couleurs chagua Niveaux, chukua pipeti ya kijivu, bonyeza juu ya kadi. Tuseme kadi ilisomeka nyekundu 170, kijani 130, bluu 80. Kijivu halisi kina namba tatu zinazolingana, kwa hiyo programu inashusha moja na kupandisha nyingine mpaka zilingane, na marekebisho hayo yanapita picha nzima. Epuka amri ya Auto iliyo kwenye menyu hiyohiyo: hainyooshi kwa kufuata kadi yako, inanyoosha kila chaneli peke yake kwa kubahatisha. Usirekebishe kwa jicho pia, «mpaka ipendeze», kwa sababu anayependezwa ni wewe, na wewe tayari una majina ya rangi kichwani.

Kuna picha zisizorekebishika. Dirisha upande wa kushoto na ampuli upande wa kulia ni taa mbili. Ukisahihisha moja unaiharibu nyingine. Funga pazia au zima ampuli kabla ya kupiga. Chini ya turubai la bluu hali ni mbaya zaidi, kwani wekundu ambao haukufika kwenye kitu hauwezi kurudishwa na programu yoyote. Faili ya kawaida ya JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, na bluu iliyozama karibu na sifuri ikivutwa juu hutoka na chengachenga. Kama simu yako inaruhusu faili ghafi, itumie. Darktable na RawTherapee huzisoma bila malipo.

Hifadhi faili ya asili bila kuigusa, na kando ya kila jibu andika saa, aina ya taa na skrini iliyotumika. Skrini yenyewe ina rangi vamizi yake: zima ile hali ya usiku inayotia simu umanjano kabla ya kumkabidhi mzee.