Ukikosa Rejesho, Bima ya Mkopo Inabaki?

Anayechukua mkopo wa mshahara benki huambiwa sentensi moja fupi kabla ya kutia sahihi: mkopo una bima. Wengi huondoka wakiamini kwamba wakifariki au wakipata ulemavu wa kudumu, deni lote litafutwa, liwalo na liwe. Kwa anayelipa kila mwezi bila kukosa, imani hiyo haiko mbali na ukweli. Kwa aliyeruka marejesho mawili au matatu mambo hubadilika, na mara nyingi familia hulijua hilo baada ya mazishi.

Tuanze na mkataba wenyewe. Katika bima nyingi za mikopo, nchini Tanzania na hata Kenya, mkata bima ni benki au SACCOS, na wewe ni mmoja tu wa wakopaji walioingizwa katika mkataba mmoja wa pamoja. Ada inatoka mfukoni mwako, fidia inakwenda kwa mkopeshaji. Ndiyo maana wapo waliomaliza mkopo wa miaka mitano bila kuiona hata mara moja hati ya bima waliyoilipia.

Swali la kwanza la kumuuliza afisa mikopo ni hili: ada inalipwaje? Jibu lake ndilo litakaloamua kinachotokea siku utakapokosa rejesho.

Benki nyingi hukata ada yote siku mkopo unapotoka. Hapo kuchelewa rejesho hakuiui bima moja kwa moja, kwa sababu kinga imeshalipiwa hadi mwisho wa mkopo. Lakini soma masharti. Mikataba mingine husitisha kinga deni likipita siku 90 bila kulipwa, kiwango kilekile ambacho mabenki ya Tanzania na Kenya hukitumia kuuhesabu mkopo kuwa chechefu. Hata pale kinga inapobaki hai, kiasi kitakacholipwa si lazima kilingane na deni lako. Kampuni ya bima huangalia jedwali la marejesho lililokubaliwa mwanzoni, na hulipa salio ambalo lingekuwepo kama ungelipa kila mwezi kwa wakati.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 12 wa miezi 36, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio. Rejesho la mwezi ni kama shilingi 428,000. Mkopaji akifariki mwishoni mwa mwezi wa 20, jedwali linaonyesha salio la takribani milioni 6.09, na hizo ndizo bima italipa. Ikiwa kabla ya hapo alikuwa amekosa marejesho 5, vitabu vya benki vitasoma deni la zaidi ya milioni 8.2, achilia mbali adhabu za ucheleweshaji. Tofauti hiyo ya zaidi ya milioni 2.1 haina bima. Benki itaidai kwenye mirathi, kwenye dhamana au kwa wadhamini. Ipo mikataba inayobeba malimbikizo ya miezi michache, lakini usiichukulie kuwa ndiyo desturi.

Sharti hilo nalitetea. Ada ilikokotolewa kwa deni linalopungua mwezi hadi mwezi, na kama malimbikizo yote yangelipwa, wakopaji wanaolipa kwa uaminifu wangewabebea mzigo wasiolipa.

Nisichoweza kukitetea ni yanayotokea katika njia ya pili, pale ada inapolipwa kila mwezi ndani ya rejesho. Rejesho likikosekana, ada nayo haikulipwa. Kwa kawaida kuna siku za neema, mara nyingi 30. Mkopaji akifariki ndani ya siku hizo, fidia hulipwa na ada inayodaiwa hukatwa humo. Zikipita, kinga imekatika. Mkopaji huyo hupokea ujumbe wa simu wa kumkumbusha deni, na hupigiwa na watu wa makusanyo asubuhi na jioni, lakini mara nyingi hakuna anayemwambia kwamba bima yake haipo tena. Benki inajua na kampuni ya bima inajua, ila mwenye kuihitaji bima ndiye hajui. Huo ni upungufu ambao wasimamizi wa sekta hii wanapaswa kuufanyia kazi.

Kuirudisha kinga iliyokatika si suala la kulipa deni tu. Mara nyingi utajaza upya fomu ya afya, na ugonjwa uliojitokeza katikati unaweza kuhesabiwa kuwa ulikuwepo kabla ya bima, hivyo usilipiwe. Hapa ndipo watu wengi huumia. Mtu haachi kulipa kwa kupenda. Anaugua, mshahara unapungua, anakosa rejesho la kwanza na la pili, kinga inakatika, kisha anafariki kwa ugonjwa uleule. Kama ugonjwa ulikuwa umeshamfikisha kwenye ulemavu wa kudumu unaotambuliwa na mkataba, na jambo hilo likatokea bima ikiwa hai, dai lake lina nguvu hata kama limepelekwa baadaye, mradi muda wa kutoa taarifa haujapita. Kinachotazamwa ni tarehe ya tukio. Kwa hiyo ripoti ya daktari yenye tarehe iliyoandikwa wazi ina thamani kubwa kuliko maelezo marefu ya ndugu. Na wakati dai linashughulikiwa, endelea kulipa ukiweza. Kupeleka fomu ya madai hakusimamishi marejesho.

Wengine huyatatua malimbikizo kwa kuomba mkopo upangwe upya au kwa kutop-up. Kila mara uliza juu ya bima. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Benki Kuu ya Kenya iliruhusu wakopaji waliokuwa wakilipa vizuri kuomba nyongeza ya muda wa hadi mwaka mmoja. Nafuu ya namna hiyo inasaidia, ila bima iliyolipiwa miezi 36 haigeuki yenyewe kuwa ya miezi 48. Miezi ya nyongeza hubaki bila kinga mpaka ada ya ziada ilipwe. Mkopo wa kutop-up nao ni mkataba mpya, wenye vipindi vyake vya kusubiri.

Kinga ya kupunguzwa kazini, pale inapokuwepo, ni nyembamba zaidi. Hulipa marejesho ya miezi michache yanayofuata baada ya kazi kuisha, wala haigusi yaliyokosekana kabla. Aliyeacha kazi mwenyewe au kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu kwa kawaida hayumo.

Liko pia kosa lisilo la mkopaji: mwajiri anakata mshahara lakini anachelewa kuzipeleka fedha benki. Kwenye hati ya mshahara umelipa, kwenye mfumo wa benki unadaiwa. Tunza hati hizo mwezi kwa mwezi, kwa sababu ndizo zitakazothibitisha kwamba ulitimiza wajibu wako.

Ukikosa rejesho, au ukiona utalikosa, andika barua benki kabla siku 30 hazijaisha. Uliza kama kinga bado ipo, itakwisha lini na italipa kiasi gani, na udai majibu ya maandishi. Mdhamini naye ana sababu ya kuyauliza hayo, maana kinga ikikatika yeye ndiye anayefuata. Dai likikataliwa, omba kifungu cha mkataba kilichotumika kulikataa. Usiporidhika, Tanzania kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kenya kuna Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA. Na kama una mkopo sasa hivi na hujawahi kuiona hati yake ya bima, nenda kaiombe wiki hii, kisha mwonyeshe mwenzi wako mahali ulipoiweka.