Mboni ya jicho huwaambia nini madaktari na wanasaikolojia?

Daktari anapommulika tochi machoni mgonjwa aliyepoteza fahamu, anachokichunguza hasa ni ubongo. Mboni, lile tundu jeusi katikati ya jicho, husinyaa mwanga unapoingia na kutanuka giza linapotanda. Kwa mtu mzima upana wake huwa kati ya milimita 2 na 8 hivi, na mabadiliko hayo hayatokani na hiari ya mtu.

Misuli miwili hushindana katika kazi hiyo. Mmoja umeizunguka mboni na huibana. Mwingine umetandazwa kama spoki za baiskeli na huivuta ifunguke. Amri ya kubana husafiri kwa neva itokayo kwenye shina la ubongo. Damu inapovuja ndani ya fuvu baada ya ajali, au ubongo unapovimba, neva hiyo hukandamizwa, na kwa kuwa nyuzi zinazoendesha mboni ziko upande wake wa nje, mara nyingi ndizo hutangulia kuumia. Mboni moja ikitanuka ghafla na kukataa kujibu mwanga, madaktari wa upasuaji huanza kuhesabu dakika.

Udhaifu wa tochi ni kwamba hutegemea jicho la anayeishika. Muuguzi mmoja huandika kwamba mboni inajibu polepole, na mwenzake wa zamu inayofuata akaandika kwamba haijibu kabisa. Katika macho ya hudhurungi iliyokolea, kama yalivyo ya watu wengi wa Afrika Mashariki, ni vigumu hata kuona mboni inapoishia. Kwa hiyo vipimo vya kisasa hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana na mwanadamu: katika mwanga huo hudhurungi hupauka na mboni hubaki nyeusi. Kifaa cha kushikwa mkononi hutoa mmweko, hupiga picha mfululizo, kisha hupima upana, kasi ya kusinyaa na muda unaopita kabla mboni haijaanza kujibu, ambao kwa kawaida ni kama sehemu ya tano ya sekunde. Aina moja ya vifaa hivyo hujumlisha yote katika alama kuanzia 0 hadi 5, na alama iliyo chini ya 3 huhesabiwa kuwa si ya kawaida.

Tofauti kati ya kujibu kidogo sana na kutojibu kabisa inaweza kuamua uhai. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 kuhusu wagonjwa waliozinduliwa baada ya moyo kusimama hutaja mboni zisizojibu mwanga, saa 72 au zaidi baada ya tukio, kuwa miongoni mwa dalili za ubongo ulioharibika vibaya. Miongozo hiyo hairuhusu dalili moja pekee iwe msingi wa kukata tamaa, na kuna sababu ya tahadhari hiyo. Mofini na heroini huisinyaza mboni hadi ikawa kama tundu la sindano. Baadhi ya sumu za kuulia wadudu mashambani hufanya vivyo hivyo, ilhali tiba zake ni tofauti kabisa. Kifaa hutoa kiasi. Chanzo hutafutwa na daktari.

Wanasaikolojia walivutiwa na jambo jingine: mboni hubadilika hata mwanga usipobadilika. Mwaka 1960 Eckhard Hess na James Polt wa Chuo Kikuu cha Chicago waliandika kwamba hutanuka mtu anapotazama picha inayomvutia. Mwaka 1966 Daniel Kahneman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Jackson Beatty, waliwasomea watu tarakimu za kukariri. Mboni ilitanuka kwa kila tarakimu iliyoongezwa, na ikarudi nyuma kadiri zilivyotajwa. Jaribio hilo ni sahili na limestahimili muda, lakini lilipima uzito wa kazi ya akili, wala halikusoma mawazo.

Kanada ilivuka mpaka huo. Katika miaka hiyo ya 1960 serikali yake iligharimia mradi wa mwanasaikolojia Frank Robert Wake wa Chuo Kikuu cha Carleton, uliokusudia kuwabaini watumishi wa umma wanaovutiwa na watu wa jinsia yao kwa kupima mboni wakitazama picha za wanaume na wanawake. Picha zilitofautiana kwa mwangaza, jambo ambalo peke yake latosha kuibadilisha mboni. Chombo hakikufanya kazi na mradi uliachwa mwaka 1967, ingawa kuwafukuza watu hao kazini kuliendelea kwa miongo kadhaa. Waziri Mkuu Justin Trudeau aliomba radhi bungeni Novemba 2017.

Kwa sasa watafiti wanajaribu kukihamishia kipimo hicho kwenye simu. Mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha programu inayopima mboni za macho ya rangi mbalimbali. Inahitaji, hata hivyo, simu yenye kamera ya infraredi upande wa mbele, na simu nyingi za bei nafuu hazina kamera hiyo.