Gari la Bei Nafuu la Kutengeneza: Ubovu Upi Unavumilika?

Mlaji mwenye kipato cha kawaida anapotafuta gari hukabiliwa na njia mbili: aongeze fedha apate lililo tayari kutembea, au achukue lililochoka kwa bei ndogo, kisha alitengeneze kidogo kidogo. Njia ya pili si ya kudharauliwa, na wapo waliofika nayo salama. Faida yake, hata hivyo, humfikia yule anayejua kutofautisha ubovu ambao gharama yake hukadirika na ule unaokula fedha bila kuisha.

Tuseme gari linauzwa shilingi 5,000,000, na jingine la aina hiyohiyo lililo zima linauzwa 7,500,000. Tofauti ya 2,500,000 ndiyo bajeti yote ya matengenezo. Kabla ya kulipa, fundi asiye na uhusiano wowote na muuzaji wala dalali aandike kila kinachohitajika na bei yake. Kwa kuwa gereji hugundua jambo jipya kila inapofungua kitu, tunashauri theluthi ya bajeti iwekwe akiba. Yaani, kwa mfano huu, orodha ya fundi isizidi 1,700,000 hivi. Ikizidi hapo, unafuu wa gari hilo ni wa siku ya kununua tu.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza: “Ni namba C au namba D?” Herufi za kibao hueleza gari lilisajiliwa nchini lini, hazielezi lilitengenezwa lini huko Japani, wala limetunzwa vipi. Gari la namba ya zamani lililokaa kwa mmiliki mmoja mwangalifu laweza kuwa bora kuliko la namba mpya lililofanya kazi ya teksi usiku na mchana. Kulipia herufi, kwa maoni yetu, ni kulipia kibao.

Jambo la kuogopwa kuliko yote ni kutu, na hasa katika magari yaliyoishi pwani. Injini iliyokufa hung'olewa ikawekwa nyingine. Bodi iliyooza haina dawa ya bei nafuu. Mnunuzi ainame chini ya gari, atazame fremu, vizingiti vya milango na mahali shokapu zinaposhikiliwa. Kutu ya juujuu hupigwa msasa ikaisha. Kutu inayomeguka kwa kubonyezwa na bisibisi imeshakula chuma, na hapo inafaa kuaga kwa heshima. Rangi mpya inayong'aa kwenye gari la bei ya kutupa nayo iulizwe inaficha nini: sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hushika bati, lakini hailishiki vizuri eneo lililojazwa puti nene.

Injini ikaguliwe ikiwa ya baridi, kwa hiyo ni vyema kwenda asubuhi na kugusa boneti kwanza. Muuzaji aliyekwisha kuiwasha “ili ipate moto” aombwe miadi ya siku nyingine. Moshi wa buluu ni dalili ya injini inayokula oili. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto huashiria maji yanayoingia ndani ya silinda. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wenye rangi ya chai ya maziwa, yawezekana maji na oili vimechanganyika, na pengine gari hilo limewahi kuchemsha. Ubovu huo hurekebishika, ila huhesabiwa kwa bei ya kufungua injini, si kwa bei ya gasketi peke yake.

Kwenye gia za otomatiki, kanyaga breki, ingiza D, kisha R. Gari likichelewa kuitika au likashtuka kwa kishindo, ukadirie gia boksi nyingine.

Hapa ndipo aina ya gari inapokuwa na uzito. Injini ya 1NZ ya Toyota, kwa mfano, imefungwa katika IST, Probox, Premio na nyinginezo, hivyo vipuri vyake, vipya na vya mtumba, hupatikana kwa urahisi Kariakoo na hata mikoani. Gari la fahari ambalo taa yake moja huagizwa nje halifai kuwa gari la kutengeneza, hata likiuzwa kwa bei ya pikipiki.

Baada ya masika, jihadhari na magari yaliyozama. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama una mstari wa tope, na unyanyue zulia. Nyaya zilizoingiwa na maji huharibika polepole, na kosa lake humsumbua fundi wa umeme kwa miezi.

Nyaraka zisiachwe nyuma. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi, pamoja na namba ya injini, zilingane na kadi halisi ya gari. Kadi “iliyoko kwa ndugu” huenda imewekwa rehani ya mkopo. Madeni ya faini za barabarani yaangaliwe kwa namba ya gari, mkataba uandikwe, na fedha ya mwisho itolewe pale uhamisho wa umiliki unapokamilishwa TRA.

Gari likishakuwa lako, fedha ya kwanza iende kwenye breki, usukani na matairi. Rangi na redio zisubiri. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka. Tafuta ubavuni mwake tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.