"Thank you" si neno pekee: Namna ya kushukuru kwa Kiingereza cha leo

Na Mwandishi Wetu

VIJANA wengi waliojifunza Kiingereza darasani huhitimu wakiwa na neno moja tu la shukrani, nalo ni "thank you". Wakitaka kulikoleza, huongeza "very much". Neno hilo si kosa wala halijachakaa. Tatizo hujitokeza pale mhusika anapoandika barua pepe ya kuomba kazi au anapomhudumia mgeni hotelini, ambako shukrani iliyokosewa humfanya aonekane mkavu au mwenye kujipendekeza.

Kwanza ni sarufi. Baada ya "thank you" hufuata "for", kisha nomino au kitenzi chenye "-ing": "Thank you for your help" au "Thank you for helping me". Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea "asante kwa kunisaidia", huteleza kwa urahisi akasema "thank you for help me". Kosa jingine lililoenea hapa kwetu ni "thanks God". Usahihi ni "thank God", kwa kuwa "thank" hapo ni kitenzi, ilhali "thanks" ni nomino.

Baina ya marafiki, "thanks" yatosha. "Thanks a lot" nayo hutumika, lakini iangaliwe sauti yake, kwani ikitamkwa kwa ubaridi hugeuka kejeli, sawa na "asante sana" anayoambiwa mtu aliyekumwagia chai. Waingereza hupenda kusema "cheers", neno lile lile wanalolitumia wanapogonganisha glasi. Halifai kabisa katika barua ya kuomba kazi. Wamarekani husema mara kwa mara "I appreciate it", na hiyo "it" isiachwe hata katika ombi rasmi: "I would appreciate it if you could reply by Friday."

Katika barua za kikazi, shukrani nzuri ni ile inayotaja jambo lenyewe. Aliyetoka kwenye usaili aandike "Thank you for taking the time to see me yesterday", badala ya kurundika "so much" na "very very much". Msemo "thanks in advance" utumiwe kwa uangalifu. Baadhi ya wasomaji huuona kama amri, kana kwamba ombi limekwisha kukubaliwa. "I would be grateful for your help" una adabu zaidi.

Je, Waingereza hushukuru kupita kiasi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Royal Society Open Science, uliochunguza mazungumzo ya kila siku katika lugha nane, ulionyesha kuwa mtu aliyetimiziwa ombi dogo hutoa shukrani kwa maneno takriban mara moja tu kati ya 20. Kwa wasemaji wa Kiingereza ilikuwa kama mara moja kati ya saba. Kwa hiyo mgeni anayenyamaza baada ya kupewa chumvi mezani huenda akaonekana hana adabu, hata kama kwao ukimya huo ni wa kawaida.

Upo mtego mwingine. Kwetu, anayekaribishwa chakula akajibu "asante" tu, mara nyingi hueleweka kuwa hataki, kama angesema "starehe". Katika nyumba ya Mwingereza, ukiulizwa kama utakunywa chai na ukajibu "thank you", utamiminiwa kikombe. Asiyetaka aseme "no, thank you", na anayetaka aseme "yes, please".

Majibu ya shukrani nayo yana kanuni zake. Kwa kuwa sisi hujibu "karibu", wengi husema "welcome", neno ambalo peke yake humpokea mgeni mlangoni. Jibu kamili ni "you're welcome". Wahudumu wa hoteli hupendelea "my pleasure". Vijana husema "no problem", na "no worries" iliyovuma kutoka Australia, ingawa wapo wazee wasiopenda kusikia neno "problem" pale walipotarajia ukarimu. Mmarekani akikujibu kwa "sure" tu, usidhani amekudharau; kwake hilo ni jibu kamili.