Kifaranga analishwa kabla yai kutagwa



Wengi kati yetu tukimaliza univerisite na kazi haionekani, tunafikiria kuku. Hapa Lubumbashi vifaranga vya siku moja vinatoka sana Zambia, vinavuka mpaka wa Kasumbalesa, na bei inafuata dolari. Njo maana vijana wanajaribu kutotoa wenyewe. Tuseme umeweka mayai 100 ndani ya kuvezi, siku 21 zimepita, vimetoka vifaranga 45. Mara moja lawama inaenda kwa mashine na kwa umeme uliokatika.

Ni kweli, joto likipotea kifaranga anakufa. Lakini tuangalie pia mama alikula nini. Yai likisha kutagwa, mama hawezi tena kuongeza kitu ndani. Vitamini na madini yote ya kumjenga kifaranga yalitoka katika chakula chake cha wiki zilizopita. Na kuku anaweza kutaga vizuri kila siku huku mayai yake hayatotoi, kwa sababu chakula kinachotosha kutengeneza yai la kula hakitoshi kila mara kutengeneza kifaranga.

Hapo njo majani yanapoingia. Mahindi na soya peke yake havina vitamini ya kutosha. Vitamini B2 ikipunguka, vifaranga wengi wanakufa ndani ya yai, na wengine wanaonekana na manyoya yaliyojikunja. Majani mabichi kama lengalenga na matembele, ama unga wa moringa, yanaleta B2, vitamini E na ile rangi ya manjano ambayo mwili unageuza kuwa vitamini A. Moringa kavu ina pia protini karibu robo ya uzito wake. Uikaushe kivulini, juu jua kali linaharibu vitamini.

Lakini usiseme: kama kidogo ni kizuri, mingi itakuwa nzuri zaidi. Majani yana nyuzi nyingi; kuku anashiba mbele ya kupata nguvu anayohitaji. Anza na kilo 5 za unga wa moringa ndani ya kilo 100 za chakula. Majani ya lukaena yana sumu inayoitwa mimosini, inayopunguza utagaji. Mashudu ya pamba yana gosipoli, nayo inaweza kupunguza kutotoa. Sombe mbichi ina sianidi. Tena, majani hayana vitamini B12, na bila hiyo vifaranga wanakufa karibu na mwisho. Kwa hiyo weka unga wa samaki kidogo, hata wa ndakala, ama premiksi ya kuku wa mbegu. Majani yanajaza pengo, hayachukui nafasi ya chakula.

Sasa, utajuaje kama yamesaidia? Kiini cha rangi nzito si ushahidi. Rangi inaonyesha tu kama kuku alikula majani. Gawa kuku makundi mawili ya umri mmoja, jogoo 1 kwa majike 10. Kundi moja lipe majani, lingine hapana. Ngojea wiki tatu, kisha kusanya mayai ya makundi yote kwa siku zilezile, yasipite siku 7, uyaweke kuvezi moja.

Siku ya 7 pima kwa mwanga. Tuseme kati ya mayai 100, 20 hayana kitu: hapo muangalie jogoo kwanza. Yamebaki 80, yakitotoa 60, kipimo ni 60 kwa 80, yaani asilimia 75. Yale 20 yaliyobaki yapasue, uandike kifaranga alifikia wapi. Wakifa wengi siku za kwanza, angalia pia namna mayai yalivyohifadhiwa. Wakifa katikati, chunguza sana chakula cha mama.

Kazi hiyo inaomba daftari, tochi na uvumilivu. Ifanye mbele ya kukopa feza za kuvezi ya pili, juu mashine mpya haiwezi kutoa kifaranga katika yai ambalo mama hakulijaza.